Panya wa Ghorofa ya Pili

Nikikosa kazini siku moja tu, kampuni yetu ya mbegu inafunga milango. Uliza mtu yeyote hapa Eldoret. Mimi, Lennox Otiende, ndiye fundi wa kompyuta wa jengo zima, na bila mimi hakuna mkulima anayepata risiti.

Basi Jumatatu moja tumbo likanisumbua, nikalala nyumbani. Kesho yake nikarudi nimejiandaa kupokea pole. Mlinzi wetu, Nyongesa, akanifungulia geti.

"Lennox! Leo umewahi kuliko jana."

Jana sikuwepo.

Kosa la kusahaulika hivyo ni langu mwenyewe. Mwaka juzi kompyuta ikigoma walikuwa wananipigia simu, napanda ngazi. Na hapa kwetu, fundi akikuja kwa meza yako huwezi kumwacha na midomo mikavu. Mama Chepkoech wa uhasibu alikuwa na thamosi ya chai ya maziwa ya ng'ombe wake wa Kesses, nzito mpaka kijiko kinasita kuzama. Mimi nafungua mashine, yeye ananieleza habari za mkwe wake mvivu, Collins wa meza ya pili anachochea. Kazi ndogo ilikuwa inakula asubuhi nzima, na hakuna aliyelalamika.

Halafu nikaleta programu ya kuingia kwa kompyuta ya mtu nikiwa kwa kiti changu. Nikajisifu sana. Halafu nikaweka roboti ya kujibu maswali, tukaiita Rafiki. Mtu anaandika "programu imekwama", Rafiki anampa pole, anaikwamua, kwisha. Sasa nakaa kwa kachumba ka chini, kando ya stoo ya mbolea, mimi na seva inayonguruma kama ng'ombe mwenye mafua. Mshahara unaingia vizuri. Sauti yangu ndiyo ilianza kuota kutu. Kuna siku nilimwandikia Rafiki, "Niaje?" Akanijibu, "Tafadhali eleza shida ya kompyuta yako."

Lakini Rafiki ana upungufu mmoja: hana mikono. Waya ikichomoka, lazima mtu apande.

Kwa hivyo waya ya Mama Chepkoech ikaanza kuchomoka.

Mara ya kwanza niliilegeza asubuhi kabla watu hawajafika, nikashuka, nikaketi kama malaika. Karibu na saa ya chai, simu ikalia.

"Lennox, mwanangu, hii kitu imekufa."

Nilipanda ngazi mbilimbili. Nikaingia chini ya meza, nikahangaika huko kuliko ilivyohitajika, nikatoka na jibu. "Ni panya, Mama. Wanapenda waya."

"Panya! Ghorofa ya pili?"

"Wa siku hizi wanapanda ngazi."

"Basi wanakushinda wewe," Collins akasema, na ofisi nzima ikacheka. Chai ikamiminwa. Kumbe yule mkwe mvivu alishapata kazi Cheptiret, tena anasifiwa. Nilikuwa nimepitwa na mengi.

Wiki iliyofuata panya wakarudi. Na nyingine.

Leo nimefika mapema, madirisha bado yana ukungu. Nikaingia chini ya meza, nikanyoosha mkono gizani kutafuta waya. Vidole vikagusa kitu baridi, laini. Nikavuta, vikakataa. Nikaleta mkono wa pili kuokoa wa kwanza. Nao ukabaki hukohuko.

Gundi ya panya. Ile wachuuzi wanauza kwa kadibodi, wakiapa hata paka hatoki.

Nikasikia viatu. Vikasimama. Nikaona soksi za sufu, kisha goti, kisha uso wa Mama Chepkoech ukiinama polepole, thamosi mkononi.

Akatazama waya, ambayo ilikuwa bado imekaa vizuri mahali pake. Akatazama kadibodi. Akatazama mikono yangu.

"Mama, nilikuwa nakagua tu..."

"Nyamaza kwanza."

Hakucheka. Ningejua la kufanya kama angecheka. Aliketi sakafuni na sketi yake ya kazi, akamimina chai kwa kifuniko cha thamosi, akaipuliza, akanishikia mdomoni kama mtoto.

"Kunywa," akasema. "Halafu uniambie nani alikukataza kupanda hapa bila kuitwa."