Herufi Moja ya Eliza

Kila mteja anayeingia kwenye duka langu la uchapaji hapa Kiomboi huniambia, "Dada, nipunguzie," akimaanisha uzito wa picha. Nami napunguza. Skrinishoti, yaani picha ya kioo cha simu, ikija kwa muundo wa PNG naigeuza JPG, naikamua mpaka iwe nyepesi, kisha ile nzito naifuta. Miaka sita nimefanya hivyo, na nilijiona fundi kwelikweli.

Mwezi uliopita mama Eliza wa Kinampanda aliniletea simu ya marehemu mumewe, Hosea. Kabla hajafa Hosea aliandika humo: "Shamba la bondeni nimempa Eliza." Tukapiga skrinishoti, nikaihamishia kwenye kompyuta kwa waya, nikaipunguza, nikachapa. Akapeleka karatasi kwa wazee wa ukoo.

Jumatatu akarudi. Nikampa shikamoo, akaitikia kwa shida.

"Wamesoma Elisa," akasema.

Elisa ndivyo wanavyomwita nyumbani shemeji yake, Elisha. Bwana huyo alikuwa ameshaanza kulima.

Nikaitazama ile karatasi. Herufi zilikuwa na ukungu pembeni, na z ilikuwa imevimba. Hata mimi ningesoma s.

"Si tuwaonyeshe simu?" nikamwambia.

"Simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji, Theodora. Haiwaki tena."

Jamani! JPG ni ya picha za harusi. Maandishi yanataka PNG, inayotunza kila nukta kama ilivyokuwa. Nilijua hilo tangu chuoni. Uvivu tu.

Nikafungua pipa la taka la kompyuta, linalobakiza picha zilizofutwa na ambalo kwa uvivu huohuo sikuwahi kulimwaga. Mama Eliza alisimama nyuma yangu, mkono mdomoni. Tukatafuta mpaka shingo ikaniuma. Ikaonekana, PNG, nzima. Nikaikuza: Eliza. Z ilikuwa na kona zake zote.

Akalia. Nami nililia, siwezi kuficha.

Nikachapa upya, nikafunga duka, nikaenda naye. Mbele ya wazee Elisha akainua karatasi zote mbili.

"Karatasi mbili, majina mawili. Nani amechezea herufi hapa?"

Ningeweza kuisingizia mashine. Nikasimama.

"Mimi, baba. Ile ya kwanza niliiharibu mimi kwa kuipunguza." Nikawaeleza yote, kuanzia waya mpaka pipa.

Mzee Mughwai, mkubwa wao, alizisogeza karatasi machoni, moja baada ya nyingine, bila haraka.

"Ile ya kwanza ni ukungu tu, hii z yake iko wazi. Shamba ni la Eliza," akasema. Elisha akatoka bila kuaga.

Kisha mzee akanigeukia. "Na hao wengine uliowapunguzia miaka yote hiyo, binti?"

Sikuwa hata na majina yao.