Wota Pampu ya Matundu Sita

Asubuhi ile Bwana Uhakika alitaka jambo moja tu duniani: mkewe asiingie kwenye duka la spea. Na mkewe alikuwa hatua mbili nyuma yake, mkoba begani, anakuja.

Jina hilo alipewa mtaani kwa sababu tangu apate akili hajawahi kusema "labda". Akisema mvua itanyesha, ana uhakika. Isiponyesha, basi alikuwa na uhakika wa mvua ya mtaa mwingine. Miaka mitatu iliyopita mshale wa joto kwenye dashibodi ulipanda hadi kwenye nyekundu, naye akawa na uhakika kwamba kilichoharibika ni mshale. Akaendelea kukanyaga mafuta mpaka injini ikaiva, ikafuka moshi, ikazimika jumla.

Lingekuwa gari lake, yangeishia hapo. Lakini lilikuwa la marehemu baba mkwe, aliyemwachia binti yake. Na binti huyo, fundi cherehani asiye na maneno mengi, alilipenda kwa sababu ya sauti. "Hivyo ndivyo baba alivyokuwa akirudi kazini," huwaambia wageni, na wageni hutega masikio. Wiki ile injini ilipokufa, yeye alikuwa kwa dada yake aliyejifungua. Aliporudi akakuta gari limeoshwa, linang'aa, limetiwa injini ya mtumba ya aina nyingine kabisa, ila hilo la injini hakuna aliyemwambia. Akaliwasha, akainamisha kichwa asikilize.

"Mbona kama limepata mafua?"

"Oili mpya," mumewe akajibu. "Nina uhakika."

Fundi wa gari alikuwa ameapa kutia kufuli mdomoni. Uhakika naye akatia lake, na kwa mtu wa domo kama lile, hiyo ilikuwa kazi ya sulubu.

Sasa wota pampu, ile inayozungusha maji ya kupoza injini, ilikuwa inavuja. Fundi akaing'oa, akaiweka juu ya benchi, akasema kile ambacho kila fundi husema: "Nendeni na hii ya zamani, wawatolee inayofanana nayo." Ndivyo spea zinavyonunuliwa. Hata wasomi hubeba chuma chao kwenye gazeti.

"Sibebi uchafu mimi," Uhakika akakunja uso. "Kadi ya gari ninayo. Kila kitu kimeandikwa."

Fundi akamtazama yeye, akamtazama mkewe, akaelewa. Akaanza kufuta spana iliyokuwa safi tayari.

Mpango ulikuwa hivi: mbele ya mke anunue pampu ya injini ya zamani, ambayo bado iko kwenye kadi, isiyofaa kitu, jioni arudi peke yake kimyakimya, anunue inayofaa. Kwa mtu aliyeua injini kwa macho makavu, ulikuwa mpango mzuri sana.

Duka lilikuwa jembamba, mikanda ya feni imening'inia darini, harufu ya mpira mpya inakaba koo. Muuzaji, bwana mnene mwenye miwani juu ya paji la uso, hakuinuka kwenye stuli yake.

"Sampuli mnayo?"

"Kadi hii hapa."

"Kadi haina matundu, mzee wangu."

Hata hivyo akaisoma, akashusha boksi kutoka rafu ya juu, akapuliza vumbi. Uhakika akaipokea pampu, akazungusha puli, akaiweka sikioni, akaigonga kwa kidole kama mtu anayechagua tikiti maji.

"Ndiyo yenyewe. Nina uhakika." Kisha akamkonyeza muuzaji, kwamba aifunge pampu haraka.

"Jicho limeingia vumbi, mzee?" muuzaji akauliza.

"Subirini kwanza," mkewe akasema. Akafungua mkoba, akatoa futi ya kupimia, akatoa vibiringo viwili vya uzi, na chini yake kabisa furushi la kitambaa. Ndani yake mlikuwa na pampu ya zamani. Alikuwa ameichukua kwenye benchi la fundi wakati mumewe akihutubia juu ya kadi. "Mimi nguo mpya siikati bila kuweka ya zamani juu yake."

Akaziweka sambamba kwenye kaunta. Mpya, matundu manne ya bolti. Ya zamani, sita. Akahesabu mara ya pili kwa kidole.

"Fundi aliongeza," Uhakika akasema. Jasho jembamba lilikuwa linamtoka. "Alitoboa mawili. Ili ipumue."

Muuzaji alicheka mpaka akashika rafu. Kisha akaona uso wa yule mama, akashusha miwani machoni.

"Mama, hii ya matundu sita ni ya injini nyingine. Gari lako lilipotengenezwa, injini hizi hazikuwepo."

Mkewe hakupandisha sauti. "Injini ya baba iko wapi?"

"Mke wangu, nilikuwa natafuta siku nzuri ya…"

"Iko wapi?"

"Niliuza. Vyuma chakavu."

Mkewe akamgeukia muuzaji. "Nipe ya matundu sita." Akalipa, akaifunga kwenye kile kitambaa, akatoka.

Uhakika akamfuata barabarani, maneno yakimtoka ovyo. Eti injini ni injini. Eti viti ni vilevile, usukani ni uleule alioushika marehemu. Aliona haya, haya ya kweli iliyomchoma masikio, na alivyozidi kuona haya ndivyo alivyozidi kusema.

Mkewe akasimama.

"Mwezi uliopita kaka yangu alipiga simu kutoka wodini. Akaomba niliwashe gari amsikie baba."

"Nakumbuka."

"Mimi nilikuwa kwenye usukani. Simu aliishika nani juu ya boneti?"

Uhakika akautazama mkono wake wa kulia.

"Alilia," mkewe akasema. "Akanishukuru mimi, akakushukuru na wewe. Ukamwambia karibu, shemeji, wakati wowote." Akapandisha mkoba begani. "Jumapili atapiga tena. Utapokea wewe."

Akashika njia ya kwa fundi. Uhakika alibaki katikati ya barabara, mwenye baiskeli akimpigia kengele apishe, naye anahesabu kwa vidole siku zilizobaki hadi Jumapili. Zilikuwa mbili.