Nyungo za Watakatifu

Picha ile ilikuwa na watu wengi kuliko Garsen siku ya mnada wa ng'ombe. Padri Lino aliikata kitabuni, akaibandika ukutani kwa uji mzito, akaniambia ni nyumba ya ubatizo ya kwao Italia, yenye pande nane, iliyojengwa miaka mia saba iliyopita. Ndani ya kuba lake watu wamesimama duara juu ya duara, wamebanana bega kwa bega, na chini yao umechorwa mto.

"Nijengee hii, Kombe," akasema. "Ndogo."

Mimi ni fundi, maswali sina. Uashi na chokaa nilijifunza kwa mateka wa Kiitaliano wakati wa vita, na tangu hapo nikajiona najua kila la Mwitaliano. Kuta nane nikazipandisha kwa matofali. Kuba nalo, nikapinda fito kama Wapokomo wanavyopinda za nyumba zao, nikazikandika udongo, nikapaka chokaa. Padri akafurahi, akaniachia rangi, akaenda Malindi kununua saruji. Mvua ikakata barabara. Akakaa huko wiki tatu.

Nikabaki na picha. Ilikuwa ya kijivu, imefifia. Niliitazama hadi nikaielewa, au nikadhani nimeielewa. Mto umefurika, watu wamekimbilia juu safu kwa safu, na waliowahi wako kileleni. Halafu kila mmoja ana kitu cha mviringo kichwani. Ni nani wa bonde hili asiyejua kile ni nini? Maji yakija, mtu hujitwika ungo wake. Nikasema moyoni, kumbe hata Italia.

Basi nikawachora. Nikawapa nyungo, vyungu na mikeka, na mzee mmoja nikamkabidhi kuku. Safu ya chini kabisa, juu kidogo ya maji, nikamchora Kahaso.

Kahaso alikuwa binti yangu, wa miaka saba. Siku mto Tana ulipovunja kingo nilitangulia na gunia la mpunga, nikamwambia achukue ungo wa mamake anifuate. Nilipogeuka niliuona ungo peke yake, unaelea. Hayo ni ya miaka minne nyuma, na Mbodze, mamake, hajanilaumu hata kwa nusu neno. Laiti angenilaumu. Nyumbani kwetu hakuna ungo tena. Mchele anaupepetea kwenye sinia, nami ananiita Kombe, kama jirani.

Padri alirudi Alhamisi. Aliinua macho, akacheka mpaka akaegemea ukuta.

"Kombe, hawa ni watakatifu. Wako mbinguni. Hicho cha kichwani ni nuru."

"Nuru," nikasema.

"Na kuku je?"

Nikamtazama kuku wangu.

Padri akaacha kucheka. Askofu angefika Jumapili. "Wapake chokaa wote," akasema. "Tutaanza upya, taratibu."

Fundi akiharibu hurekebisha. Nilikoroga chokaa, nikapanda ngazi, nikawafuta wazee wawili. Nilipofika kwa Kahaso mkono ukagoma. Nikahamia upande wa pili, nikafuta, nikarudi, ukagoma tena. Hivyo hivyo mpaka adhuhuri ya Ijumaa kuba likawa jeupe, amebaki yeye na mto wake. Padri akaja kutazama.

"Na huyo?"

Kabla sijajibu, Mbodze aliingia na chakula changu. Hakuwahi kukanyaga pale, lakini wanawake walioniletea maji ya chokaa walikuwa wamempa habari za picha ya mtoto. Akaweka bakuli kwenye ukingo wa birika la ubatizo, akatazama juu.

"Ungo alikuwa akiushika kwa kushoto," akasema.

"Nimesahau," nikamwambia. Sikuwa nimesahau. Sikuwahi kuangalia.

Padri akauliza kwa sauti ya chini, "Ni nani, mama?"

"Mwanangu. Maji yalimchukua."

Padri akaitazama ngazi. Ilikuwa imeegemea chini ya Kahaso, karibu imguse nyayo. Aliipima kwa macho kutoka chini hadi juu, na juu hadi chini.

"Ngazi hii ni fupi," akasema. "Haifiki pale."

"Haifiki, Padri."

Akachukua ndoo ya chokaa, akatoka nayo mwenyewe.

Nikainama kukusanya vitu vyangu. Mbodze hakuondoka.

"Baba Kahaso," akaniita. Jina hilo sikuwa nimelisikia kwa miaka minne. "Maji yako karibu mno na miguu yake. Yashushe."

Brashi ilikuwa bado na chokaa kidogo. Nikapanda ngazi ile isiyofika, naye akaishika kwa mikono miwili isitikisike. Nikafuta ukanda wa maji, upana wa kidole.

"Bado," akasema huko chini.

Nikafuta tena.

"Bado."