Cha Kichwani na Cha Begani

Kwaruu. Kisha kimya. Kisha tena, kwaruu: komeo la mlango likisuguana na mwimo wake gizani.

Mwajabu hakufungua macho yote mawili. Alifungua moja, la upande wa mlango. Alfajiri ilikuwa bado inasitasita, lakini aliliona umbo la mumewe, Athuman, likitoka na kinu limekikumbatia kama mgonjwa. Baada ya kitambo likarudi. Kinu kilikuwa begani.

Akaelewa.

Jana yake Jumbe Khamisi wa Busi aliwasikiliza wawili hao mpaka masikio yakamchoka. Mwajabu alidai talaka kwa sababu Athuman alimtoa mbuzi wake wa maziwa kwa askari mmoja wa bomani Kondoa, akapewa tarumbeta lililopasuka. Shehe alisema talaka ni kazi yake, ila kwanza vyombo vigawanywe, na vyombo ni kazi ya jumbe. Jumbe naye, mwenye safari ya kukusanya kodi ya Mdachi, hakutaka kusikia habari ya kila kata na kila mwiko. Akakata maneno: mwanamke hubeba kichwani, mwanamume begani. Kilichoingia nyumbani kichwani ni cha mke, kilichoingia begani ni cha mume. Kesho wataapa, naye atagawa. Na visivyoingia, kama nguzo na kuta?

"Hivyo ni vya nyumba," alisema jumbe, "na nyumba haigawanywi, Mdachi ameshaihesabu. Anayevitaka na akae humo humo."

Kumbe Athuman alikesha akiitafuna hukumu hiyo. Haya basi. Mwajabu akajifunga kaniki, akachukua kigoda cha mumewe, akatoka nacho mkononi, akaingia nacho kichwani. Mlangoni wakapishana.

"Pita, mama Mwanne," Athuman alisema kwa adabu, mtungi begani.

"Nimeshapita, baba Mwanne. Angalia tu maji yasikuogeshe kabla ya wakati."

Hata kulipopambazuka kila chombo kilikuwa kimeingia mara mbili, na jiwe la kusagia lilikuwa limewaachia wote wawili viuno vya wazee. Tarumbeta pekee halikubebwa. Kila mmoja alilisukuma kwa mguu, pole pole, kuelekea upande wa mwenzake.

Ndipo macho yao yalipokutana juu ya ngozi ya ng'ombe aliyolalia binti yao, Mwanne.

Mwajabu akapiga hesabu. Kinu kiende, jiwe liende, hata mtungi uende. Lakini mtoto huyu, toka shambani, toka kisimani, siku zote alimwingiza mgongoni, na mgongo jumbe hakuutaja kabisa. Aliyezoea kumpandisha mabegani ni Athuman.

Akamrukia mtoto. Alikwisha kumwinua nusu ya njia kwenda kichwani, Athuman naye kashika miguu, pale Jumbe Khamisi alipopiga hodi. Wakamshusha haraka, wakamwamkia jumbe shikamoo kwa sauti moja, kama watu wasio na neno.

Shauri likaanza. Kinu je? Begani, aliapa Athuman. Kichwani, aliapa Mwajabu. Wala hakuna aliyemkanusha mwenzake, jambo ambalo jumbe hakupata kuliona katika ugomvi wa talaka tangu apewe ujumbe. Kigoda, vivyo hivyo. Mtungi, vivyo hivyo. Walipofika kwenye tarumbeta, mume na mke waliapa kwa pamoja kwamba liliingia lenyewe.

Jumbe akafuta jasho kwa kofia. "Na mtoto?"

Mwajabu alijaribu kusema kichwani, ulimi ukakataa. Akasema mgongoni, kwa sauti ndogo, akajua hapo ndipo alipoanguka. Athuman akafungua kinywa aseme begani. Lakini alikuwa ameyaona machozi ya mkewe, na kinywa kikabaki wazi kama lile tarumbeta lake, bila mlio.

Jumbe alikwisha chelewa safari. Akainama, akamwuliza mtoto mwenyewe aliingiaje katika nyumba hii.

Mwanne alifikicha macho, akazitazama kuta, akaitazama nguzo, kisha baba, kisha mama, kama anayeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Mimi nilizaliwa humu humu."