Sura ya Mapokezi

Udongo wa Voi hautoki kwa sabuni peke yake. Mutheu alilijua hilo kuliko mtu yeyote pale lodji, kwa kuwa kwa miaka saba alikuwa akiloweka mashuka ya wageni waliorudi kutoka mbugani wakiwa wekundu kuanzia nyusi hadi soksi, wakajitupa vitandani kabla ya kuoga. Asubuhi ile alikuwa na mashuka kumi na nane. Mikono yake ilikuwa ndani ya maji hadi viwikoni, na macho yake yalikuwa nje ya dirisha la chumba cha dobi, kwa Firdaus.

Firdaus alikuwa amesimama kwenye meza ya mapokezi na sinia la maji ya ndimu. Mweupe, pua nyembamba, mtandio wa buluu wa lodji umemkaa vizuri begani. Mtandio huo ulipigwa pasi na Mutheu. Blauzi iliyo chini yake ilishonwa na Mutheu pia.

Tuseme ukweli, Mutheu alikuwa na wivu, na si ule wivu mdogo wa kumtamania mtu viatu. Huu aliamka nao na kulala nao. Kanga husema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mutheu hakukonda. Alizidi kunenepa, na hata hilo alimlaumu Firdaus.

Mwaka uliopita, nafasi ya mapokezi ilipotokea, Mutheu ndiye aliyekuwa na cheti cha hoteli, alichokisomea jioni kwa miaka miwili. Meneja, Bwana Sylus, alikisoma mbele na nyuma, akamrudishia.

"Mutheu, wewe ni mchapa kazi," alimwambia. "Lakini mapokezi inataka sura. Mgeni akishuka kwa gari anataka kuona pwani."

"Pwani ni kilomita mia na hamsini kutoka hapa."

"Ndiyo maana anataka kuionea hapa hapa."

Bwana Sylus mwenyewe ni mtu wa milimani, mweusi kuliko Mutheu, na alisema maneno hayo bila kupepesa. Wiki mbili baadaye akamwajiri Firdaus, ambaye hakuwa na cheti chochote. Na aliyemwambia Firdaus kwamba kuna nafasi ni Mutheu huyo huyo, siku waliyokuwa wakianika nguo kwenye kamba moja huko Kaloleni, mtaa wa hapo hapo Voi. Ni majirani, ukuta kwa ukuta, tangu kuzaliwa.

Saa mbili Bwana Sylus aliingia dobi, akafunga mlango nyuma yake.

"Leo unaenda na Firdaus kwa wazee wa vetting, ile ya kitambulisho?"

"Ameniomba niwe shahidi wake."

"Ofisi kuu Nairobi wanataka namba ya kitambulisho ya kila mtu wa mapokezi. Wanasema hatuwezi kumpa pasipoti za wageni mtu ambaye serikali haimjui. Akileta barua ya wazee kwamba amepita, nitawatuliza. Asipoileta leo jioni, basi." Alikuna kidevu. "Ile cheti yako bado unayo?"

"Iko kwa mkoba."

Kilikuwa kwenye mkoba kwa sababu Mutheu alikitia humo tangu jana, aliposikia siku ya mwisho ni leo.

"Sawa. Kiingereza chako si kibaya," alisema Bwana Sylus, akatoka.

Saa nne, kwenye chai, ubishi wa jikoni ulikuwa mkali kuliko tangawizi. Elijah, dereva wa gari la wageni, alikuwa akisimulia alivyofanya kazi Nanyuki.

"Ubaguzi ukitaka kuuona, enda huko," alisema. "Mimi nimekaa na mzungu meza moja, yeye akaletewa menyu, mimi nikaulizwa kama nimepotea. Na aliyeniuliza ni Mwafrika mwenzangu!"

"Nanyuki ni cha mtoto," alisema Hillary, mpishi. "Diani je? Askari anakufukuza ufuoni, na ni kwenu. Nairobi nako, msee, kuna mahali ukiingia na hii rangi wanajifanya hakuna meza."

"Na hapa?" aliuliza Elijah.

"Hapa? Hapa Taita Taveta hakuna kitu kama hiyo. Hapa tunaishi Mtaita, Mkamba, Mswahili, Msomali. Nani atambagua nani?"

Wote wakakubali. Nyani haoni kundule. Kule mezani walikuwa watu tisa wa jikoni, dobi, bustani na magari, na hakuna aliyegeuka kutazama ni nani na nani walioachwa kule mbele kusalimia wageni. Mutheu alitazama. Lakini hakusema kitu, kwa sababu angesema, wangemwambia ni wivu.

Walikwenda kwa chifu kwa pikipiki moja. Firdaus alikuwa amekumbatia bahasha kifuani: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha mama yake, cha baba yake aliyefariki, kadi ya kliniki, hata ripoti za shule ya msingi. Alikuwa na miaka ishirini na mbili, na hii ilikuwa mara yake ya nne.

"Mara hii watanipa, inshallah," alisema. "Nimekuja na wewe. Wewe watakusikiliza, dada Mutheu."

Kwenye ofisi kulikuwa na madirisha mawili. La kushoto ni la kila mtu. La kulia ni la wale ambao majina yao humfanya karani ainue kichwa. Mutheu alipita la kushoto miaka yake kumi na minane ilipotimia, na ilimchukua muda wa kumaliza soda.

Foleni ya kulia ilikuwa na watu ishirini na zaidi, karibu wote wa kofia na buibui. Kwenye ile ya kushoto alikuwa msichana anayeitwa Wendy, aliyekulia Nairobi na kuja kwa treni ya asubuhi. Karani alimuuliza kijiji cha babu yake.

"Ni huko juu... Wundanyi side," alisema Wendy, akampigia mama yake simu kuuliza. Karani akacheka, akamsubiri amalize simu, akagonga muhuri.

Firdaus alimtazama Wendy akitia karatasi yake mkobani. Alimtazama kuanzia viatu hadi nywele, taratibu, midomo imebanwa. Mutheu alilijua jicho lile. Lilikuwa lake, la kila asubuhi dirishani.

Ungedhani hapo ndipo moyo wake ungelainika. Haukulainika. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Mutheu alikuwa amesimama na Firdaus mahali ambapo sura ya Firdaus ilikuwa hasara na yake ilikuwa faida, na hilo lilimkolea utamu mdomoni kama muwa. Aliona aibu, lakini alizidi kuufyonza.

Wazee watano walikuwa wameketi nyuma ya meza yenye thermosi. Walimwita Firdaus kwanza, wakakaa naye nusu saa. Kisha wakamtoa, wakamwita Mutheu peke yake. Mwenyekiti, mzee Crispus, mwalimu mstaafu, alimpa kiti kwa upole.

"Unamjua huyu msichana?"

"Ni jirani yangu."

"Tangu lini?"

"Tangu azaliwe, mzee."

"Vizuri. Na bibi yake, Mwanamvita? Yeye alizaliwa wapi?"

Mutheu alijua. Kila mtoto wa ploti yao alijua. Bi Mwanamvita alizaliwa papo hapo Kaloleni, baba yake akiwa fundi wa kufunga mataruma ya reli. Kaburi la fundi yule liko mjini. Mutheu amewahi kutumwa na maji ya kumwagia maua yake, akiwa na miaka minane.

"Sijui," alisema.

Mzee Crispus akainua kalamu. "Hujui?"

"Nilizaliwa nikamkuta. Watu husema walitoka mbali."

Na kweli watu husema. Husema wakigombania zamu ya bomba la maji. Mzee Crispus aliandika mstari mmoja, akaupigia mwingine chini yake, akamshukuru kwa ukweli wake.

Nje, barua ilipotoka, Firdaus aliisoma mara mbili.

"Wanataka mtu aliyekuwapo bibi akizaliwa," alisema. "Bibi ana miaka themanini na moja. Nitamtoa wapi mtu huyo? Ama karatasi za reli za baba yake bibi. Kikao kingine ni Novemba." Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, kisha akaukunjua haraka aone kama ameuchafua. "Ahsante, dada. Umeacha kazi zako kwa ajili yangu."

"Si kitu," alisema Mutheu.

Saa nane Bwana Sylus alipokea mtandio, blauzi na beji. Alisema si yeye, ni Nairobi. Firdaus akaenda nyumbani kwa miguu, jua likiwa utosini.

Mutheu aliosha mikono kwa sabuni ya wageni. Alijipaka mafuta, akafunga kitambaa upya, akatoa cheti mkobani na kukinyoosha kwa kiganja. Saa tisa aliitwa mapokezi. Alikwenda kwa kupitia mlango wa mbele, mlango ambao kwa miaka saba hakuwahi kuupita bila mzigo wa mashuka.

Nyuma ya meza alisimama msichana wa Kizungu, mabega mapana, pua imebabuka kwa jua.

"Huyu ni Lotte," alisema Bwana Sylus. "Anasafiri safiri Afrika, amekubali kutusaidia miezi sita. Kiswahili atajifunza. Mutheu, chukua ile blauzi ya Firdaus umfumulie mabega, kesho asubuhi anaanza."

Lotte alimpa mkono, akatabasamu. Hakuwa na ubaya wowote. Mutheu aliushika mkono ule, cheti kikiwa kimekunjwa kwenye mkono wa pili.

"Bwana Sylus," alisema kwa Kiswahili, "kitambulisho chake Nairobi wamekiona?"

"Kitambulisho cha nini?"

"Si ulisema mtu wa mapokezi lazima serikali imjue? Kibali chake cha kufanya kazi kiko wapi?"

Bwana Sylus alicheka kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa kama maji yamelowa.

"Mutheu! Si unamwona?"

Alirudi dobi. Alifumua mshono alioushona mwenyewe, akaongeza mabega vidole viwili. Alitaka kulia kwa hasira, ila hakujua amkasirikie nani kwanza, na jina lililokuja mbele lilikuwa lake mwenyewe.

Jua lilikuwa linatua alipofika Kaloleni. Bi Mwanamvita alikuwa kibarazani kwenye mkeka, macho yake yakiwa na ukungu wa uzee, mbele yake sahani ya mbaazi za nazi na mahamri.

"Mutheu? Njoo ule, mwanangu. Hii ni yako. Firdaus amenambia ulivyosimama naye."

Mutheu aliketi ukingoni mwa mkeka. Firdaus alikuwa mlangoni, akimimina chai.

"Wazee hao wanapenda maswali," alisema Bi Mwanamvita. "Siku niliyokuzalisha wewe, nilikwenda mwenyewe kwa chifu kuandikisha. Akanambia, bibi, hawa Wakamba wamekuja juzi, wana kwao, mtoto akaandikishwe huko. Nikamwambia, huyu ni wa hapa. Nimempokea kwa mikono yangu miwili. Akatoa wino, nikatia dole gumba. Yakaisha. Hawakukuuliza tena, au siyo?"

"Hawakuniuliza tena, Bi."

"Basi kula."

Mutheu hakugusa sahani. Nafasi ilikuwa imekwenda na yeye hakuipata; angeweza kula, kushukuru na kwenda kulala, na hakuna ambaye angejua.

"Bi," alisema, "waliniuliza ulizaliwa wapi. Nikasema sijui."

Chai iliacha kumiminika. Bi Mwanamvita aligeuza uso kuelekea sauti ile, mkono wake ukabaki juu ya mkeka.

"Ulisahau?"

"Sikusahau."

Bomba la uani lilikuwa likidondoka, na mtu wa ploti ya pili alikuwa akiita watoto ndani.

"Kesho nitarudi," alisema Mutheu. "Nitawaambia nilisema uongo. Niandike hata kwa chifu."

"Kesho hawapo," alisema Firdaus. Aliinama, akaichukua ile sahani na kuifunika kawa, bila kumtazama. "Ni Novemba. Ukienda, wahi mapema. Foleni yetu ni ndefu."