Sauti Zilizobaki Kiwandani

Jumamosi, watu walipokuwa wakirudi na posho, Laurenti aliteremka kwenye lori la shamba la mkonge, njia ya Pangani, akiwa na sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na vifuu viwili vya nazi, mnyororo, bati, ungo, kunde kavu na gunia. Hivyo ndivyo vilikuwa vyombo vyake vya kazi. Mwaka ule wa 1954 kampuni ilikuwa imepiga sinema ya shamba ili ikaonyeshwe milimani na kuvuta vibarua wapya. Tatizo sinema ilikuwa bubu, na mtu haachi migomba yake kwa ajili ya picha isiyosema, ndipo Laurenti akaitwa aitilie sauti.

Laurenti alihitaji msaidizi. Nyapara Rafaeli akampa Bertha, kwa kuwa Bertha hakuwa na kazi. Alikuwa ameondolewa chumba cha brashi, wanakosugulia nyuzi za katani, tangu mumewe, Manase, ahesabiwe mtoro. Asubuhi moja Manase aliingia zamu kwenye korona, ule mtambo wa kukamua majani ya mkonge, na hakurudi. Ofisi ikasema ametorokea Mombasa kupitia Moa, kule mpakani, anakula raha zake. Bertha hakukubali hata kidogo. Mwanamume anayetoroka haachi koti lake jipya limetundikwa msumarini. Alichotaka ni mumewe afanyiwe ibada ya maziko, basi. Mchungaji alimweleza kwa upole kwamba kanisa halimziki mtoro.

Mazoezi yalifanyika ndani ya ghala la katani, madirisha yamezibwa kwa magunia. Mtu akiwa mbali kwenye picha, Laurenti alisema, rudi nyuma hadi mlangoni ndipo ugonge vifuu. Akipita nyuma ya ukuta, vifunike kwa gunia. Akiingia kiwandani, gongea mdomoni mwa pipa tupu, mlio uzunguke.

"Ukiiweka sauti mahali pake, dada, mahali penyewe panakuja."

Ilikuwa kweli. Siku ya kuwaonyesha wenyeji wa shamba, Bertha alitikisa kunde kwenye ungo ilipofika picha ya mvua, na waliokaa mbele wakalowa. Walisogeza mabenchi nyuma, mtunza ghala akaenda kuleta ndoo.

Kisha Manase, aliyepigwa picha kabla hajapotea, akatokea kwenye shuka jeupe, anakuja kutoka mbali, mzigo wa majani begani. Bertha aliinua vifuu lakini hakuwahi kuvigonga. Hatua zilikwisha kuanza zenyewe, mguu wa kushoto ukiburutwa kidogo kama ulivyoburutwa siku zote, na kile kikohozi chake kikavu kikafuata. Laurenti akasikiliza, akaweka mnyororo chini.

"Huyu hahitaji msaada wetu," alinong'ona.

Manase akaingia mlango wa kiwanda. Picha ikamwacha hapo, ikaenda kuonyesha bustani ya maua ya meneja. Sauti haikuifuata picha, ilibaki kiwandani. Maua yakiwa yanachezacheza kwa upepo, ukasikika mkanda wa mtambo ukidaka kitu. Mlio wa mtambo ukawa mzito. Mtu akapiga ukelele mara moja, na mtambo haukuzimwa. Baadaye zikasikika koleo zikikoroga saruji, na Rafaeli akisema, "Hapa hapa, kabla zamu nyingine haijaingia." Mwisho, kama mtu aliye ndani ya kisima kilichofunikwa, Manase akaita:

"Bertha. Nipo huku."

Bertha alikaa chini akalia. Alilia kwa uchungu, na alilia pia kwa kujua kwamba hakuachwa.

Meneja, kwenye kiti cha mbele, alisikia kama walivyosikia wengine. Alisema maua yametoka vizuri, ila sehemu ya kiwanda ina kelele.

"Shemeji, ulikuwapo," Bertha alimwambia Rafaeli nje.

Rafaeli aliangalia viatu vyake. "Nilikuwapo. Nina watoto, shemeji. Uniwie radhi."

Jumapili Bertha alimfuata mchungaji.

"Shikamoo, mchungaji."

"Marahaba, Bertha. Najua ulichokuja nacho, usharika mzima umesikia. Lakini nitamzikaje mtu anayeita?"

Ofisi nayo ilikuwa na hoja hiyo hiyo. Anayesema hajafa, na ambaye hajafa na haji kazini ni mtoro. Ikatoka amri kwamba sinema ikifika kwenye maua, bati lipigwe mpaka bustani iishe. Laurenti, kwa kumhurumia, alisema atatafuta msaidizi mwingine.

"Usitafute," Bertha alisema. "Mwingine atapiga mfululizo."

Wakaenda milimani. Bertha alipiga bati kama alivyoagizwa, akiacha nafasi kati ya pigo na pigo, na katika nafasi hizo Manase alimwita. Huko Upare, kijijini kwao, Luka, mdogo wake Manase, alikuwa amekaa benchi la mbele. Asubuhi alipanda lori la vibarua.

"Kaka yako yuko chini ya sakafu, Luka," Bertha alimwambia, ameshika ubao wa lori. "Usiende."

"Nimemsikia, shemeji. Si anasema yuko huku? Basi nitakuwa karibu naye."

Walimpangia korona, pale palipo na saruji mpya.

Onyesho lililofuata lilikuwa Usambara, ndani ya darasa lililojaa vijana. Maua yakatokea. Bertha akapiga bati mara moja, akaacha nafasi yake. Safari hii Manase hakumwita yeye.

"Luka," sauti ilisema. "Angalia mkanda."

Bertha akaliweka bati sakafuni. Laurenti akamwonyesha kwa kidole kwamba maua bado yapo, naye akatikisa kichwa. Darasa zima likasikia, neno kwa neno, mpaka bustani ikaisha: Luka, angalia mkanda, Luka. Vijana wakasifu kwamba sinema ya safari hii inasema vizuri kweli. Asubuhi wakajipanga mstari, na lori likajaa.