Picha Laki Tatu na Mkono Mmoja

Jumatatu, saa tatu na robo asubuhi, mtafiti wa maabara ya seli alifungua droo ya meza yake akakuta daftari limelala mgongo kulia. Yeye hulilaza mgongo kushoto. Ndivyo alivyofanya kila jioni kwa miaka minne, kabla ya kufunga droo na kuutia ufunguo ndani ya soksi, na hakuwa mtu wa kujisahau. Alilitazama, akatazama huku na huku, kisha akaligeuza. Ilikuwa mara ya tatu mwezi ule.

Machale yalimcheza, naye hakuyapuuza. Siku chache nyuma rafiki yake wa chuo kingine alikuwa amempigia simu kumwambia kwamba vipimo vya lango lake vinatajwa kwenye mikutano, bila jina lake. Lango ni protini iliyokaa kwenye utando wa seli, inayoruhusu chumvi kuingia na kutoka, na kwa miaka minne mtafiti alikuwa akitafuta umbo lake. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi wa sita. Umbo likichapishwa na jina lake likawa la kwanza, angepata maabara yake mwenyewe. Jina likikosekana, angebaki nyumbani bila kazi, akimtegemea mama yake.

Basi alianza kujilinda. Akabandika karatasi pembeni mwa kompyuta ili anayepita asione kitu. Mtu akimkaribia, anasimama. Vipimo vipya akaviandika kwenye kipande cha karatasi, akakificha kiatuni. Wenzake wanne wakampa jina la Kufuli, wakamwita hivyo mbele yake, naye akaitika. Wiki ya pili wao pia walikuwa wamebandika karatasi zao, na mtu akikohoa, vichwa vitatu vinageuka.

Tabia hiyo hakuiokota barabarani. Mama yake, mchapaji mstaafu wa mahakama, aliishi naye katika vyumba viwili, na kila akienda kuoga alichora mstari wa penseli nje ya kopo la sukari.

"Mama, nani anakunywa chai humu zaidi yetu sisi wawili?"

"Ndiyo maana nachora," mama alijibu.

Kila droo ilikuwa na ufunguo wa akiba, na funguo zote za akiba zilikaa kwenye mkebe wa biskuti wa fundi wa darubini, ile mashine kubwa ya kupigia picha vitu visivyoonekana kwa macho. Kwa hiyo hesabu ya Kufuli ilikuwa fupi. Fundi alikuwa mzee mpole, aliyekuwa ameilisha ile darubini naitrojeni kwa miaka ishirini na miwili, na ndiye aliyemfundisha kugandisha sampuli: abane pumzi, asije akaipulizia unyevu. Iliuma kumshuku mtu kama yule. Kufuli alimshuku hivyo hivyo.

Kazi yenyewe iliendelea. Sampuli hugandishwa kwenye wavu wa shaba mdogo kuliko ukucha wa mtoto, ikaingizwa kwenye darubini, na darubini ikapiga picha za maelfu ya protini. Picha moja peke yake haina maana, ni chengachenga tupu. Kompyuta huzipanga zote, moja juu ya nyingine, na kutoa wastani, hapo ndipo umbo linapojitokeza. Picha elfu ishirini za kwanza zilitoa kitu kama kiazi. Picha elfu sitini zilitoa lango lenyewe, na ndani ya lango kulikuwa na korido.

Kufuli aliipanga upya data yote. Korido ikarudi. Akamwita fundi, kwa kuwa hakuna mwingine aliyeijua darubini, akasimama nyuma yake akiiangalia mikono yake.

"Mzee, hebu tazama. Hii ni nini?"

Fundi alivaa miwani. "Korido ya ghorofa ya tatu."

"Ndivyo nilivyodhani."

"Ule mlango wetu. Bawaba ya juu imekatika, unaona? Nimewaandikia mara sita." Alisogea karibu zaidi. "Barafu ilikuwa nene?"

"Hapana, ilikuwa safi."

"Basi ongeza picha. Ukali bado."

"Mbona hakuna watu?"

"Watu hawatulii, binti. Unajua mwenyewe, kinachotokea mara moja kinafutika. Kinachobaki kwenye wastani ni kile kinachojirudia, palepale, vilevile."

Kufuli alilijua hilo. Ndilo somo la kwanza alilowafundisha wanafunzi kila mwaka. Aliongeza picha.

Zilipofika laki moja na nusu, aliiona meza yake. Droo ilikuwa wazi, na ndani ya droo kulikuwa na mkono, umevimba na hauna vidole vinavyohesabika, kama umevaa soksi. Kwenye kiti chake palikuwa na ukungu. Roho ilimdunda kwa furaha, si kwa hofu. Alichapa picha ile kwenye karatasi, akaikunja mara nne, akapanda kwa profesa, mkuu wa maabara, akamwambia kwamba funguo zote za akiba ziko kwa fundi.

Profesa aliikunjua karatasi, akaitazama kwa muda mrefu. "Bado haina ukali," alisema.

"Bado. Lakini ni mkono."

"Ni mkono, sikatai. Umefanya vizuri kuja kwangu, mwanangu. Mambo haya ukiyaacha yanaota mizizi."

Alasiri ile ile fundi alihamishiwa chini, kwenye stoo ya vioo. Alipita na chupa yake ya chai, kandambili zake na mkebe wa biskuti, kwani hakuna aliyekumbuka kuuliza habari za mkebe. Alimkumbusha Kufuli kuijaza darubini naitrojeni kabla ya saa sita usiku.

Jumatatu iliyofuata daftari lilikuwa limelala mgongo kulia.

Kufuli alijiambia kwamba mzee anapanda ngazi kwa siri. Aliendelea kukusanya picha, peke yake, wiki baada ya wiki, akibana pumzi kama alivyofundishwa. Zilipotimia laki tatu na elfu kumi na mbili, aliiacha kompyuta ifanye hesabu, akaenda kunawa uso. Aliporudi, mkono ulikuwa na kucha.

Ulikuwa mkono wa kushoto, wenye vidole vitano vilivyotunzwa, na shati lenye vifungo viwili kwenye mkono. Kifundoni palikuwa na saa iliyogeuziwa uso wake ndani, upande wa kiganja. Alipoligeuza umbo, mishale ya saa ilikuwa mikali kabisa: saa nane na dakika nane. Huo ndio wakati ambao maabara nzima huwa kwenye semina ya Ijumaa, ambayo profesa huifungua kwa maneno mafupi na kisha kutoka kwenda kupokea simu. Kufuli aliikuza picha. Kingo za droo hazikuwa za droo moja bali za droo saba zilizolaliana, na chini ya daftari lake kulikuwa na madaftari mengine, yenye miandiko ya watu waliokwishaondoka. Mmoja wao alisemekana hakuwa na bidii. Mwingine alisemekana alikata tamaa.

Alijua tayari, lakini alitaka awe amekosea. Aliipeleka picha nyumbani, akaiweka mezani karibu na kopo la sukari.

Mama yake hakuhitaji hata miwani. "Si yule aliyenishika mkono siku ya mahafali yako? Saa yake ameigeuzia uso ndani vile vile. Siku ile nilijiuliza, mtu anayeficha hata saa, huyu vipi?"

"Hukuniambia, mama."

"Ulikuwa unamsifu."

Asubuhi Kufuli aliteremka stoo. Fundi alikuwa akifuta chupa za vioo moja moja na kuzipanga kwa ukubwa. Kufuli alisimama mlangoni.

"Mzee, nimekukosea."

"Umenikosea," fundi alisema, akaendelea kufuta.

"Ulijua kwamba ni yeye?"

"Kila Ijumaa huja kuazima ufunguo. Anasaini." Fundi aliinua mkebe, akatoa chini yake kitabu cha funguo, akampa. Kurasa zote zilikuwa na saini ile ile, Ijumaa kwa Ijumaa, miaka kumi na mmoja. Tangu fundi ahamishiwe chini zilikuwa zimeongezeka saini tano. Profesa alikuwa akiteremka ngazi.

"Mbona hukusema?"

"Yeye ni mkuu wa maabara, akiomba ufunguo nampa. Na wewe hukuniuliza, binti. Ulinishtaki."

Kufuli alilia palepale, kati ya vioo. Fundi alimmiminia chai kwenye kifuniko cha chupa yake, akamwambia kwamba kama ameleta machozi basi asiyadondoshee kwenye vioo safi.

Kamati ya malalamiko ya chuo, ambayo Kufuli aliiandikia, ilikutana siku ya Jumatano katika chumba chenye meza ndefu na viti visivyotosha. Ilikuwa na watu watatu, na mwenyekiti wake alikuwa mama mmoja mwenye miwani mbili, moja usoni na nyingine kichwani. Profesa naye alikuwepo, na ndiye aliyekwenda kuleta viti vilivyopungua. Kufuli aliomba mambo mawili tu: umbo liandikwe kwa jina lake, na fundi arudishwe kwenye darubini. Kisha akaionyesha picha ukutani.

Mjumbe mmoja aliuliza ni picha ngapi. Akajibiwa. "Kazi nzuri," alisema kwa dhati, akaandika. Mjumbe wa pili aliuliza kama ile saa haikuwa imeongezwa na kompyuta. Kufuli aliigawa data mafungu mawili mbele yao, akaonyesha kwamba kila fungu linatoa saa yake, na zote mbili zinasema saa nane na dakika nane. Mjumbe aliridhika. Wote watatu waliutazama mkono wa profesa, uliokuwa juu ya meza, umeshika kalamu, saa imegeukia chini.

"Nina swali moja," profesa alisema. "Ni la kitaaluma tu. Katika picha hizi laki tatu, ipo hata moja ambayo, peke yake, inaonyesha mkono?"

"Hakuna," alisema Kufuli. "Moja moja ni chengachenga. Mkono unaonekana kwa sababu umerudiwa."

"Ahsante. Basi hakuna siku hata moja ambayo tukio limeonekana."

Mwenyekiti alishusha miwani ya kichwani, akakifungua kitabu cha funguo. Alikipekua chote, ukurasa kwa ukurasa, bila haraka. Aliona kwamba ufunguo uliazimwa kwa utaratibu, ukasainiwa na kurudishwa, na akakisifu kitabu kwa unadhifu. Kamati iliamua kwamba kitabu kina tarehe lakini hakina kosa, na picha ina mkono lakini haina tarehe. Malalamiko yalifungwa. Kuhusu fundi, iliona kwamba stoo ya vioo haijawahi kuwa nadhifu vile, kwa hiyo abaki huko huko. Kuhusu umbo, iliafiki kwa kauli moja kwamba ni ugunduzi mkubwa na lichapishwe bila kuchelewa.

Lilichapishwa mwezi wa tano. Jina la profesa lilikuwa la kwanza. Jina la Kufuli lilikuwa mwishoni, kwenye shukrani, kati ya kampuni ya vioo na mtu aliyetengeneza kiyoyozi. Kwenye mchoro wa pili mkono ulikuwa umepakwa rangi ya kijani, na maelezo yake yalisema kwamba sehemu hiyo hufungua na kufunga. Maabara za mbali zilifuata maelekezo na kupata mkono vile vile. Moja iliandika kwamba wao wanaona pete badala ya saa, na kuuliza kama tofauti hiyo ina maana yoyote. Profesa aliwajibu kwamba ni tofauti ya kawaida.

Mkataba wa Kufuli uliongezwa mwaka mmoja, akawa mtunza darubini. Alipewa naitrojeni, kitabu cha funguo na mkebe wa biskuti. Kila siku saa nne aliteremka stoo akanywa chai na fundi, na kila siku aliona aibu, kwa sababu hiyo chai ndiyo haki yote aliyoweza kumpa.

Mwezi wa saba alikuja mtafiti mpya, msichana makini, akapewa ile meza ya zamani ya Kufuli, iliyo dirishani. Jioni alilaza daftari lake mgongo kushoto, akafunga droo. Kufuli alimwekea mezani nakala ya ule mchoro wa pili.

"Uangalie vizuri huu mkono, mdogo wangu."

"Nimeusoma, dada. Hufungua na kufunga."

"Ni mkono wa mtu."

"Ndiyo, nimeona," msichana alisema kwa adabu. "Ila hawakuandika ni wa nani."

Kufuli alimwambia ni wa nani. Msichana alisikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, na tangu hapo akawa anakunja karatasi zake kila Kufuli alipopita.

Ijumaa, semina ilipoanza, profesa aliteremka kwenye chumba cha darubini, akaomba ufunguo wa ile meza ya dirishani.

"Nisipokupa?" Kufuli aliuliza.

"Andika kwenye kitabu kwamba hukunipa," profesa alisema kwa upole, "na mwezi wa sita tutakisoma pamoja."

Kufuli aliufungua mkebe. Profesa alisaini, akaweka tarehe, akashukuru.

Jumatatu, saa tatu na robo, msichana alifungua droo, akalitazama daftari, akaligeuza. Kisha akageuka polepole, akamtazama Kufuli kupitia mlango wa chumba cha darubini, akautazama mkebe wa biskuti, akaitazama mikono ya Kufuli. Kufuli alivua glavu, akaiweka mikono yote miwili juu ya meza, kwenye mwanga, ili aione vizuri.